Kasulu na Kibondo zinahitaji mafundi wa majokofu waliosoma

Wapo wanaouliza: nyanda za juu zenye ubaridi kama Kasulu na Kibondo, fundi wa majokofu wa nini? Lakini chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Wengine watasema mafundi wa mtaani wanatosha. Nawaheshimu, wamefufua friji nyingi. Ila friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, inayoshika moto: ukichomelea bomba kabla ya kuitoa yote, unaweza kulipuka nayo. Hilo hufundishwa karakanani, geji ikiwa mkononi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwasogezee vijana wa wilaya hizi kozi ya ufundi wa majokofu, na halmashauri ziwaajiri wahitimu kabla jokofu la zahanati halijazimika.