Kompyuta za mtumba: Mtaji wa banda la gemu usizikwe ndani ya kasha

Kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 iliyochukua nafasi hiyo haizikubali rasmi kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Kwa ofisi za ng'ambo, hiyo ni sababu ya kuziondoa mezani. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Segerea mwenye banda la gemu, au anayetaka kulifungua, ni sababu ya kuzitazama upya, kwani nyingi zikiongezewa vifaa vichache huweza kuchezesha gemu za mpira.

Hata hivyo, unafuu wa bei ya kasha, ambalo wengi huliita CPU, bado si faida. Faida au hasara hutokana na fedha zinazowekwa ndani yake baadaye. Kanuni inayofaa ni moja: mtaji uende kwenye kifaa kitakachohamia katika mashine ijayo, si kwenye kile kitakachokufa na kasha.

Ichukuliwe gemu ya EA Sports FC 24, iliyorithi nafasi ya FIFA mwaka 2023. Kima cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni prosesa ya Core i5-6600K, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100. Dell OptiPlex 7010, yenye prosesa ya kizazi cha 3, iko chini ya kiwango hicho hata ikipewa kadi nzuri. OptiPlex 7040 yenye i5-6500 inakikaribia. Kizazi husomwa kwenye namba baada ya kistari: 6500 ni kizazi cha 6, 8500 ni cha 8.

Mashine ya 7010 hutumia RAM ya DDR3, ambayo haiingii kwenye mashine za DDR4. Anayeinunulia RAM zaidi au prosesa kubwa kidogo anatoa fedha isiyorudi. Diski ya SSD na kadi ya picha, kinyume chake, huchomolewa na kupandishwa kwenye mashine nyingine.

Kikwazo cha kadi ni umeme. Segerea ni jirani na Kinyerezi, penye mtambo wa megawati 240, lakini pawasaplai ya OptiPlex 7040 ya mnara ina wati 240 tu. Kwa kawaida haina waya wa ziada kwa ajili ya kadi, na plagi zake si zile za kawaida, hivyo kuibadili si kazi rahisi. Kadi inabidi itegemee tundu lake kwenye bodi, lisilotoa zaidi ya wati 75. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 haivuki mpaka huo, ila NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu kwa kadi za rika lake Oktoba 2025. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, hutumia wati 70. Anayekwenda Kariakoo apime kwanza kasha lake, kwani kasha jembamba hupokea kadi ya kimo kifupi tu.

Kisha ije hesabu. Kwa mfano, nyongeza ikigharimu Sh. 400,000, banda likitoza Sh. 1,000 kwa saa, na mashine ikiongeza saa 3 za wateja kwa siku, fedha hiyo itarudi baada ya siku 134. Hapo pango na fundi havijaguswa, wala LUKU: mashine inayokula wati 200 kwa saa 10 humaliza yuniti 2 kila siku.

Zaidi ya miezi minne ni muda mrefu kwa mashine ambayo Windows 11 haiitambui. Kwa hiyo, tofauti ya bei kati ya kizazi cha 6 na cha 8 ikiwa ndogo kuliko mapato ya mashine moja kwa mwezi, afadhali kizazi cha 8. Ikiwa kubwa, inunuliwe ya kizazi cha 6, itiwe SSD na kadi tu, na saa zake ziandikwe kila jioni. Mali bila daftari huisha bila habari.