Kuvunjika kwa Koleo

Wako kaka zetu waliokwisha maliza shule ambao hutuuliza, "Kwa nini msinunue ndege mpya, badala ya kuunga vipande kila Jumamosi?" Naomba niwajibu.

Sisi wa chama cha ndege ndogo hapa Gatumba tunayo moja tu, huongozwa kwa redio. Mabawa yake tuliyakata kwa povu jeupe la kasha la televisheni. Siku ya kwanza iliinua pua, ikapoteza mwendo, ikaanguka matopeni. Tukatafuta kosa juma zima: kumbe betri tuliiweka nyuma mno. Tulipoisogeza mbele vidole viwili, ikaruka. Habari za mizani tulizozikariri darasani, siku ile tulizielewa. Anunuaye mpya hajui kwa nini ya kwanza ilianguka.

Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika, watu wengi wa Gatumba wakahama makwao. Mahali kama hapa pana haja ya ndege hizo, na ya mafundi wake pia.

Nawaonya wenzangu jambo moja: uwanja wa ndege wa Bujumbura u jirani. Tusirushe pasipo ruhusa. Mchezo wetu waweza kuua abiria.

Basi, kaka zetu, msituletee ndege mpya. Tuleteeni mota mbovu na nyaya kuukuu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.