Kumbe haikuwa gongo!

Wiki hii sina utani, nina toba.

Baba Mkubwa alipoanza kutetemeka mkono mmoja, kijiweni tulimcheka. "Gongo hiyo!" tukasema, na mimi nilicheka kuliko wote. Kumbe mzee wa watu ana ugonjwa wa Parkinson.

Daktari aliugundua bila mashine. Alimtazama anavyotembea, akaukunja na kuukunjua mkono wake, akamwambia agonganishe vidole. Nikamuuliza, "Dokta, hakuna picha ya kuuona mapema?"

Ipo, inaitwa DaTscan. Siyo eksirei unayoijua. Ulaya waliiruhusu mwaka 2000, Marekani 2011. Unachomwa sindano yenye mionzi kidogo, unasubiri saa 3 hadi 6, ndipo kamera inapiga kichwa. Dawa ile hunasa kwenye neva zinazotoa dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea vizuri. Neva zikiwa nzima, unaona alama mbili kama za mkato. Zikifa, mkia unapotea, inabaki nukta. Ila kuna magonjwa mengine yanayotoa picha hiyohiyo, kwa hiyo daktari bado lazima akutazame mwenyewe.

Kilichonimaliza nguvu ni hiki: mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya neva hizo imeshakwenda. Na usijidanganye kwamba ni ya wazee tu. Michael J. Fox, staa wa filamu wa Marekani, aliambiwa anao mwaka 1991, akiwa na miaka 29. Ilianzia kwenye kidole kidogo. Alificha hadi 1998.

Sasa, dawa zilizopo zinapunguza dalili tu, haziuzuii ugonjwa. Ungetaka kujua mapema? Mimi ningetaka. Watafiti wanaamini dawa ya kuuzuia, ikipatikana, itafaa zaidi kabla neva hazijaisha. Na ukijua, hakuna atakayekuita mlevi.

Kwa hiyo mtazame mzee wako. Hasikii tena harufu ya chakula? Anarusha ngumi na mateke usingizini? Mkono mmoja hauchezi akitembea? Huenda si kitu, lakini mpeleke kwa daktari.

Jumapili nilikwenda kumwomba radhi Baba Mkubwa. Kikombe cha chai kikimtetemeka mkononi, akacheka. "Mwanangu, ingekuwa gongo ningekukaribisha."

Nikacheka naye, macho yamejaa machozi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.