Kimbunga Hakipandi Treni

Mwanzoni mwa Mei 2024 redio ya kijiwe cha kahawa hapa Shanwe, Mpanda, ilikuwa haizimwi, habari ni moja tu: Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba kinaikaribia pwani yetu, wavuvi wakae nchi kavu. Mzee mmoja pale kijiweni, mstaafu wa reli, akaweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akasema: "Huku hakifiki hicho. Labda kipande treni, na pale Kaliua kitakesha kikisubiri behewa la Mpanda."

Tulicheka sana. Nilicheka na mimi. Nimeusikia utani huo, kwa sura moja au nyingine, mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiusikia napungukiwa na kicheko. Ubaya wake ni kwamba una ukweli ndani yake, na imani mbaya ikishapata kipande cha ukweli hung'ang'ania hapo kama kupe.

Basi nianze kwa kumpa mzee haki yake. Kimbunga cha bahari hula maji ya moto. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula, kinanyong'onyea, kinakufa. Kutoka ufukwe wa Dar es Salaam hadi Mpanda, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 900. Hata watu wa pwani wenyewe hawakutani nacho mara nyingi, kwa kuwa nchi yetu iko karibu mno na ikweta, mahali ambapo upepo haupati mzunguko wa kutosha kujisokota. Unguja walikiona tarehe 15 Aprili 1872, kikavunja merikebu za Seyyid Barghash na kung'oa mikarafuu ya kisiwa karibu yote. Lindi walikiona tarehe 15 Aprili 1952. Tarehe ile ile baada ya miaka 80! Ni sadfa tu, msiende kwa mganga. Mwaka 2021 Kimbunga Jobo kilitangazwa, watu wakahangaika, nacho kikafifia kabla ya kutua. Hidaya nacho kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikapoteza nguvu upesi.

Kutokana na historia hiyo watu wa bara tumejitungia kanuni: kimbunga ni cha watu wa pwani, kwa hiyo kuiandaa nyumba dhidi ya upepo na giza ni kazi ya watu wa pwani. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo naikubali. Nusu ya pili inaua.

Imekwisha kuua. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata, Kahama, kilipigwa na mvua ya mawe na upepo. Mwakata iko mamia ya kilometa kutoka baharini. Toka hapa Mpanda ni kilometa 300 na kitu, ni majirani zetu, watu wa mahindi na mpunga kama sisi, na nyumba zao zilikuwa kama zetu nyingi: kuta za udongo, bati juu. Kuta zililowa, zikaangukia waliolala. Walikufa watu zaidi ya 40. Upepo ule haukupewa jina. Hakuna aliyekaa redioni siku tatu akieleza uko wapi na unakwenda kwa kasi gani. Kama ungeitwa Hidaya, leo kila mtoto wa shule angeujua, na pengine wazazi wake wangekuwa wamepigilia misumari zaidi kwenye bati lao.

Jina ndilo linalotudanganya. Tumezoea kuogopa kilichotambulishwa. Kimbunga chenye jina ni mgeni mstaarabu, hubisha hodi siku nne kabla. Upepo wetu wa Novemba, mvua za kwanza zinapofungua msimu, haubishi. Wingu kubwa la radi hubeba juu kabisa barafu na hewa baridi. Hewa hiyo ikishaelemewa huporomoka, na ikigonga ardhi hutawanyika kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Anayeishi hapa anazijua dalili: joto la mchana linakatika ghafla, kibaridi kinapita, vumbi linasimama upande mmoja wa barabara, kuku wanakimbilia bandani. Toka hapo una dakika kumi, ukiwa na bahati. Katika dakika kumi mtu anaweza kuanua nguo, kuita watoto na kufunga madirisha. Hawezi kufunga kenchi.

Na hata ule umbali wenyewe usitupe kiburi. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagascar, huku sisi hatukioni kabisa, kinaweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo ukapita juu ya vichwa vyetu na kuongeza mvua magharibi mwa Tanzania. Malawi haina hata mita moja ya pwani ya bahari, lakini Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliporomosha milima juu ya nyumba za watu Blantyre. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 2022, mafuriko ya dhoruba Ana yalivunja bwawa la umeme la Kapichira katika Mto Shire, nchi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake, na kituo kile kilikaa zaidi ya mwaka bila kuzalisha. Wamalawi nao, nina hakika, walikuwa na wazee wao wa kijiweni.

Sasa tuje kwenye bati, kwa sababu ugomvi wangu hasa uko huko juu.

Nyumba nyingi mitaani kwetu ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Si vibaya, mwenye saruji ya kutosha ni nani? Tatizo linaanzia ukuta unapoishia. Fundi analaza mbao juu ya tofali la mwisho, anasimamisha kenchi, anapiga papi, anaezeka, anadai pesa yake. Ukimuuliza paa limeshikwa na nini ukutani, atakwambia limeshikwa na uzito wake. Uzito! Bati la geji 32, ambalo mtoto wa darasa la tano analibeba kichwani akiimba. Upepo ukipita juu ya paa hauligandamizi, unalinyonya kwenda juu. Na ukipata mlango wazi unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Paa lote, kenchi na papi zake, hunyanyuka kwa pamoja kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana baada ya dhoruba utakuta paa zima limelala shambani kwa jirani huku kuta zimesimama zikitazama mbingu.

Dawa yake si siri ya wahandisi. Waya wa kufungia nondo, ukunjwe mara kadhaa, upitishwe chini ya kozi nne au tano za tofali wakati ukuta bado unapanda, kisha uzungushwe juu ya mbao na kila kenchi na kukazwa. Mwenye linta aufunge kwenye nondo za linta. Msumari wa bati utoke upande wa pili wa papi na ncha yake ikunjwe. Pembezoni na kwenye kona, ambako upepo hushika kwanza, misumari iwekwe karibu karibu. Kilo ya waya haifiki bei ya bati moja. Mtu anayeniambia maskini hana uwezo wa kujiandaa namwomba apige hesabu ya mabati 20 yaliyopinda, magunia ya mahindi yaliyolowa na mbolea ya ruzuku iliyogeuka uji Novemba ile ile aliyoipokea.

Badala ya waya, sisi tunapandisha mawe. Tembea Shanwe, tembea Makanyagio, inua macho uhesabu: mawe, matairi chakavu, magogo, siku moja nimeona kinu kizima. Jiwe halishiki paa. Jiwe linalikalia paa, na paa likiondoka jiwe nalo linaondoka, isipokuwa lenyewe linatafuta njia ya kurudi chini, na chini kuna watoto. Paneli ya sola iliyoegeshwa juu ya bati kwa tofali mbili iko katika safari hiyo hiyo. Kuna na hii nyingine, kwamba upepo ukija fungua dirisha "upepo upite". Haupiti. Unaingia, na ukishaingia njia yake ya kutokea ni paa. Funga.

Wako watakaoniambia upepo ni kazi ya Mungu. Naam, ni kazi yake. Lakini msumari mmoja kwenye bati zima ni kazi ya fundi, na fundi nimemlipa mimi. Wako pia watakaoshusha sauti na kusema ule upepo umetumwa. Huku kwetu, kutoka Sumbawanga hadi hapa, hatuna uhaba wa watu wa kusema hivyo. Swali langu kwao ni dogo: kama mchawi ana uwezo wa kuchagua nyumba yoyote anayoitaka, mbona kila mwaka anachagua ile ambayo kenchi zake hazikufungwa?

Upepo ukipita, kinachobaki ni giza, na kwenye giza tuna imani mpya, changa, yenye majivuno: gridi ikishakuja, taa haizimi. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kero zake tunazijua. Mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulipoanza kuzungumzwa, ulizungumzwa kama ukombozi. Ni ukombozi kweli kwa mwenye mashine ya kukoboa na mwenye karakana ya kuchomelea. Lakini jenereta likizima Mpanda, tatizo liko Mpanda. Waya wa mamia ya kilometa unaopita katika miombo una mamia ya kilometa za kuangukiwa na mti. Na gridi yenyewe huanguka: Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, ilizima usiku ikaacha sehemu kubwa ya nchi gizani (tarehe ya wajinga, lakini haikuwa utani).

Waulizeni Waunguja, ambao umeme wao unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 njia ile ilipata hitilafu wakakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu. Mtu wa mbali hudhani shida ya giza ni taa. Taa ndiyo shida nyepesi kuliko zote. Kibatari kipo, tochi ya sola ipo. Shida ni maji, kwa sababu pampu haisukumwi kwa dua, na mabomba ya Unguja yalikauka watu wakarudi kwenye visima na madumu. Ndoo na madumu yaliyojaa kabla wingu halijafika yana thamani kuliko katoni ya mishumaa.

Shida nyingine hata Waunguja wa 2009 hawakuwa nayo kama sisi: siku hizi pesa yetu inaishi kwenye simu. Mnara wa simu ukimaliza betri zake, milioni yako na shilingi mia yangu ni sawasawa, wakala anakutazama tu. Umeme unarudi usiku, kwenye mita zimebaki yuniti mbili, mtandao wa kununulia LUKU haupo. Weka noti za elfu mbili mbili ndani ya nyumba, ndani ya nailoni, pamoja na vyeti vya watoto na kadi za kliniki. Nunua yuniti za ziada Oktoba. Chomoa friji na televisheni dakika umeme unapokatika, kwa maana unaporudi hurudi na hasira. Waya uliolala barabarani una umeme mpaka TANESCO waseme hauna. Na baridi ya mvua isikushawishi kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na watu hawaamki.

Yote haya hayahitaji tangazo la rangi nyekundu kutoka Dar es Salaam. Yanahitaji kalenda. Mvua zetu huanza Novemba, tunajua, babu zetu walijua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia juu hadi ngazi za chini, na siku paa linapoondoka kamati huja na daftari, huandika majina, hugawa blanketi. Sizidharau blanketi. Ila sijawahi kuona kamati inayopita Oktoba ikipandisha kichwa darini na kuuliza, "Mama, hizi kenchi zimefungwa na nini?"

Nisijifanye mtakatifu. Makala hii nimeiandika chini ya bati langu mwenyewe, na juu ya bati hilo kuna matairi mawili ya lori niliyoyapandisha miaka sita iliyopita, tena kwa msaada wa yule yule mzee wa reli. Jumamosi fundi anakuja. Nimemwambia aje na misumari na kilo tatu za waya. Mzee amesikia, amesema atapita asubuhi kushika ngazi, mradi kahawa iwe ya kwangu.