Nyama ngumu, mvinyo na mjomba wa Kajiado

Kama unaishi Kitengela au umewahi kupita barabara ya Namanga, unajua kuwa upande huo nyama haikosekani. Kazi iko kwenye kutafuna. Ng'ombe wa Kajiado hutembea mwendo mrefu kutafuta malisho na maji, na misuli ya mnyama anayetembea hukaza. Nasi huichemsha nyama ile kwa moto mkali, kisha tukamlaumu mwenye bucha!

Leo usinunue sarara. Mwambie akukatie kilo moja ya muundi au shingo, zile sehemu za bei nafuu zenye nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo zikipikwa kwa moto mdogo muda wa saa mbili unusu hadi tatu, hulainika na kuufanya mchuzi uwe mzito wenyewe. Zikitokoswa kwa fujo, nyama hunywea na kukauka hata ikiwa imo ndani ya maji. Wafaransa wa Burgundy hupika nyama yao ngumu hivi hivi, kwa mvinyo mwekundu.

Kata vipande vikubwa kiasi cha kiberiti, vikaushe kwa kitambaa safi, uvipake chumvi na pilipili manga. Vikaange katika mafuta moto, vichache vichache, mpaka viwe na rangi ya kahawia kila upande. Hapa usiwe na pupa. Ukijaza sufuria, nyama itatoa maji na haitakaangika. Itoe, uiweke kando. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu viwili, punje nne za kitunguu saumu, karoti tatu na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo.

Sasa mimina kikombe kimoja na nusu cha mvinyo mwekundu usio mtamu. Si lazima utoke Ulaya; zabibu hulimwa hata Naivasha, na Dodoma kwa majirani zetu. Kwangua chini ya sufuria kwa mwiko, kwani utamu mwingi umegandia huko. Mvinyo ukipungua nusu, rudisha nyama, ongeza maji moto mpaka yakaribie kuifunika, tia kitawi cha rosemari, funika na upunguze moto. Mchuzi uwe unapumua tu. Wenye jiko la makaa, funikeni makaa kwa jivu, na jiko likae penye hewa. Viazi vitiwe nusu saa ya mwisho.

Lakini kabla hujafungua chupa, fikiria nani atakayeketi mezani. Mimi sikufikiria. Tulikwenda Kajiado mjini kwa wakwe, nikapika mchuzi huu kwa majivuno yote ya mke mgeni. Mjomba wa mume wangu alionja kijiko kimoja, akanitazama.

"Binti yangu, umetia nini humu?"

Nilipomwambia, aliisogeza sahani polepole, akaomba ugali na sukuma wiki. Alikuwa ameacha pombe kwa taabu kubwa, na kila mtu nyumbani alijua isipokuwa mimi. Sikutukanwa, msomaji. Afadhali ningetukanwa.

Nilikuwa nimejiambia kuwa pombe yote huruka na mvuke. Sivyo. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vilionyesha kuwa kiasi cha robo ya pombe hubaki baada ya chakula kutokota saa moja, na kama asilimia 5 baada ya saa mbili unusu. Kwako huenda ni kidogo. Kwa Mwislamu, kwa aliyeacha pombe au kwa yeyote ambaye dini yake haimruhusu, kidogo hicho si chako kumwamulia. Sema kabla ya kupakua.

Au tumia ukwaju. Loweka kiasi cha kiganja katika maji moto kikombe kimoja na nusu, uukamue, uchuje, uongeze kijiko kidogo cha sukari, na uutie pale pale ambapo ungemimina mvinyo. Uchachu wake huikata mafuta nyama vizuri, na bei yake haishtui.

Tuliporudi Kajiado niliinjika sufuria mbili, nikatangaza mbele ya wote ipi ni ipi. Ya ukwaju ndiyo iliyokwisha kwanza, na mjomba ndiye aliyepangusa sahani kwa tonge la mwisho la ugali.