Si kila juala lenye udongo huoza

Mwaka jana niliuziwa juala moja katika soko la Taveta, si mbali na nyumbani kwangu hapa Bomeni. Lilikuwa jepesi, la rangi ya kijivu, na likikunjwa lilitoa mlio mithili ya karatasi. Aliyeniuzia alinihakikishia kwa kauli thabiti: "Mzee, hili limetiwa udongo. Ukilifukia litarudi udongoni." Nilipofika nyumbani nikalifukia chini ya mgomba. Mvua za vuli zikanyesha, za masika zikafuata. Juzi nilipokuwa nikichimbua chipukizi la kupandikiza, jembe likalifukua juala langu likiwa zima, isipokuwa pale jembe lenyewe lilipolipasua.

Sisimulii kisa hiki kwa kuzililia shilingi zangu. Ninakisimulia kwa kuwa neno "udongo" sasa limegeuka kuwa hirizi ya kibiashara, na wanaodanganywa kwalo ndio watakaosimama mbele ya hakimu.

Msomaji atakumbuka kwamba tangu Agosti 28, 2017, kutengeneza, kuuza au kubeba mifuko ya plastiki ni kosa nchini Kenya. Adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Ng'ambo ya mpaka, pale Holili, Tanzania nayo ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia Juni 1, 2019. Kisha Aprili 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliagiza kwamba taka za vyakula na majani zitiwe katika mifuko inayooza kwa asilimia 100, na ikatoa muda wa siku 90. Agizo hilo ni jema. Lakini mama anayeuza ndizi atajuaje kwamba mfuko aliouziwa unaoza? Hana maabara. Analo neno la mchuuzi tu.

Basi na tuutazame udongo wenyewe, maana wataalamu hawakuuchagua kwa upuzi. Plastiki iliyotengenezwa kwa wanga wa muhogo au wa mahindi, ikalainishwa kwa gliserini, huoza bila taabu. Kasoro yake ni kwamba hunywa maji. Siku ya mvua hulegea kama ugali uliomwagiwa mchuzi, na wakati wa kiangazi hukauka ikavunjika. Nani atabebea nyanya utando wa namna hiyo hadi Mwatate?

Hapo ndipo udongo wa mfinyanzi unapoingia, hasa ule uitwao montimoriloniti, unaopatikana kwa wingi katika bentoniti. Udongo huu umeundwa kwa vipande bapa vilivyolaliana, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban nanomita 1, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukichanganywa vizuri, wanga hupenya baina ya vipande hivyo na kuvitenga, vikasambaa ndani ya utando kama makuti yaliyopangwa juu ya paa. Mvuke wa maji unaotaka kupita hulazimika kuzunguka kipande hiki, kisha kile, kisha kingine, na safari yake huwa ndefu. Utando nao huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa vipande hivyo huubeba mzigo pamoja na wanga.

Ajabu ni kwamba kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mara nyingi udongo usiozidi asilimia 5 ya uzito hutosha. Ukizidisha, au ukichanganya kwa pupa, vipande havitengani bali hushikamana kwa mafungu. Hebu fikiria fundi aliyebeba mafungu ya makuti akayabwaga juu ya paa bila kuyafungua! Paa litavuja, na juu ya hayo litaelemewa. Utando wa namna hiyo hauvutiki, na mahali penye fungu ndipo unapoanzia kupasuka. Kwa hiyo mchuuzi anayejisifu kwamba juala lake lina udongo mwingi anajisifia ila.

Ila kubwa zaidi ni ile iliyonipata mimi. Udongo hauifundishi plastiki kuoza. Utando wa wanga huoza kwa sababu wanga ni chakula cha vijidudu, si kwa sababu ya udongo. Plastiki ya mafuta ya petroli, hata ukiitia udongo au unga wa chokaa, hubaki plastiki ya petroli. Viwanda vimekuwa vikichanganya unga wa mawe ndani ya plastiki tangu zamani ili kupunguza gharama, na hilo haliigeuzi mifuko hiyo kuwa mboji. Aidha, ili udongo ukubali kuchanganyika na plastiki isiyopenda maji, kwanza hupakwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo huwadhuru vijidudu wale wale tunaowategemea. Hata plastiki ya asidi ya polilaktiki, inayotokana na mimea, huhitaji joto la nyuzi 58 hivi katika kiwanda cha mboji. Chini ya mgomba wangu hakuna joto hilo.

Huko Ulaya kipo kipimo kiitwacho EN 13432: katika mboji ya kiwandani, mfuko uwe umesagika ndani ya majuma 12, na asilimia 90 yake iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi 6. Sidai tukinakili kama kilivyo, kwani hatuna viwanda vya mboji kila mtaa. Ninachodai ni kwamba Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na NEMA, waulazimishe kila mfuko kuandikwa kwa Kiswahili umetengenezwa kwa nini, unaoza wapi, kwa muda gani, na ni nani aliyeupima. Aliyeuandika uongo ndiye afikishwe mahakamani, wala si mchuuzi wa rejareja aliyeuamini.

Nalo jambo la kuagiza kila kitu kutoka nje linanikera. Muhogo tunao. Nyuzi za mkonge zinatoka Mwatate, hapa hapa katika kaunti yetu. Upande wa pili wa Kilimanjaro, katika bonde la Amboseli, uko udongo mweupe wa sepioliti ambao uliwahi kuchongwa kiko za kuvutia tumbaku, na ambao watafiti wa nchi nyingine huujaribu katika plastiki za wanga. Vyuo vikuu vyetu vina wanakemia. Mbona wasipewe fedha wakatujaribia mchanganyiko huu katika jua la Taveta, na mzigo wa ndizi ukiwa ndani?

Juala langu bado ninalo. Nimeliosha, nikalitundika kwenye msumari jikoni. Mke wangu ananihimiza nilitumie kwa kuwa bado ni imara, lakini sithubutu kulipeleka sokoni. Askari akinisimamisha na kuniuliza ni la aina gani, nitamjibu nini?