Waini Tamu Si Ushamba, na Pia Si Juice

Wasee wangu wa Kitale na Bungoma, leo nimekuja na hasira kidogo. Kaeni chini.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa bathdei ya beshte yangu hapa Kitale. Meza imejaa vizuri: kuku, chapati, viazi, na chupa mbili za waini, moja tamu na nyingine ile wanaita dry. Mimi nikanyoosha mkono kwa ile tamu. Kuna jamaa mmoja hapo, amekaa Nairobi semista mbili tu, akacheka mpaka akashika mbavu. Eti, "Kumbe bado unakunywa waini ya watoto? Sweet ni ya washamba, buda. Watu wamekomaa wanakunywa dry."

Unajua nilifanya nini? Nilirudisha mkono. Nikamiminiwa dry. Nikakunywa uso ukiwa umekunjamana kama mtu amemeza dawa ya malaria, halafu nikasema, "Mmh, iko smooth." Uongo mtupu. Na nikiangalia meza nzima, kila mtu alikuwa anaigiza kama mimi. Chupa tamu ilibaki imejaa, tunaitazama kwa pembe ya jicho kama eks.

Hiyo aibu nimeibeba wiki nne. Leo naitua hapa.

Kwanza, sisi ni watu wa utamu na hatuna haja ya kuomba msamaha. Ushago wangu ni Bungoma. Kule miwa iko mpaka karibu na mlango, na Nzoia Sugar imekuwa hapo tangu miaka ya sabini. Kukhu wangu akikupa chai yenye vijiko viwili vya sukari, jua amekukasirikia. Ulimi wangu ulilelewa na hiyo chai. Sasa mtu anataka niuone ulimi wangu ni makosa juu ametazama video tatu za mzungu akizungusha glasi?

Pili, na hapa ndipo hao wajuaji wanaanguka, historia haiko upande wao. Pale Cape Town kuna mahali panaitwa Constantia. Shamba lilianzishwa mwaka 1685 na gavana wa Kiholanzi, Simon van der Stel. Waini yake iliyopata jina duniani ilikuwa tamu, ya zabibu za Muscat. Wafalme wa Ulaya waliiagiza kwa meli. Napoleon alipofungiwa kisiwani Saint Helena baada ya kushindwa vita mwaka 1815, alikuwa anapelekewa hiyo hiyo Constantia. Jane Austen ameitaja kwenye riwaya yake ya mwaka 1811. Nenda Ufaransa, kuna Sauternes, moja ya waini za bei kali zaidi kule, na ni tamu kama asali. Hungaria kuna Tokaji. Ureno kuna Port. Hizo zote ni tamu, na hakuna aliyewahi kumwambia Napoleon ati ni mshamba.

Na usidhani utamu ni kumwaga sukari tu ndani ya pipa. Hamira inakula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Ukiiacha imalize sukari yote, unapata dry. Ukiisimamisha mapema, kwa baridi na kuichuja, sukari inabaki na kileo kinakuwa kidogo. Ukiisimamisha kwa kuongeza pombe kali ya zabibu, unapata Port, tamu na kali sana. Wale wa Sauternes wanangoja zabibu ziingiwe na ukungu fulani unaozikausha zikiwa bado kwa mti, ndipo sukari ikazane. Hiyo ni kazi ya subira. Kwa hivyo mtu akikuambia tamu haina ufundi, muulize ufundi gani anaoujua yeye, wa kushika glasi?

Haya, hapo nimewatetea. Mmeshangilia. Sasa tulieni, juu upande wa pili wa hii stori unanihusu mimi, na haunipendezi.

Kuna watu wengine wanaotukosea heshima vibaya kushinda yule jamaa wa bathdei. Ni wale wanaotuuzia waini tamu wakisema ni kama juice. Na mimi nimekuwa mmoja wao.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, juu ya karo na mambo mengine, hizi video ndizo zilinilisha. Siku moja mtu anayepanga matrip za vijana akanitafuta. Alikuwa na kruzi ya boti Kisumu, Jumamosi, tiketi pamoja na waini tamu. Akanipa shilingi elfu tano na maneno ya kusema: "Inaingia kama juice, hata kama hujawahi kunywa." Nilisema, tena nikicheka, nikiweka na ngoma nyuma. Video ikaenda vizuri. Nikajiona nimeomoka.

Matatu ilitoka Kitale alfajiri, ikabeba wengine Bungoma, tukafika Kisumu jua limeshawaka. Hakuna aliyekuwa amekula cha maana, labda mandazi. Tukaingia boti pale Dunga. Mziki, picha, ziwa linang'aa. Waini haikuwa na barafu, ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, lakini kwa sababu ni tamu watu walikuwa wanaiteremsha kwa mikupuo. Kulikuwa na dada mmoja wa Bungoma, mara yake ya kwanza kwa boti na mara yake ya kwanza kunywa. Alimaliza chupa yake, akaanza ya rafiki yake. Maboya yalikuwa mengi, lakini tulikuwa tumeyavua juu yanaharibu picha.

Tukiwa mbali na ufuo upepo ukaanza, boti ikaanza kucheza. Huyo dada akasimama ili atapike. Akainama kwa ukingo, miguu ikateleza. Mzee wa boti alimdaka blauzi kwa mgongo. Blauzi, wasee. Nusu ya mwili wake ilikuwa tayari upande wa maji.

Tulipomrudisha chini alikuwa analia. Akaniangalia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Si ulisema ni kama juice?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Video niliifuta jioni hiyo, lakini kufuta hakurudishi kitu.

Basi nikakaa chini na kalamu, nikafanya hesabu ambayo ningefaa kuifanya kabla ya kupokea ile elfu tano. Chupa ya waini ni mililita 750. Kama lebo inasema asilimia 8, hapo ndani kuna mililita 60 za kileo chenyewe. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina mililita 21. Kwa hivyo hiyo chupa moja "ya watoto" ni karibu Tusker tatu. Huyo dada alikunywa chupa na nusu, yaani zaidi ya Tusker nne, bila chakula, juani, mara yake ya kwanza. Kuna mtu yeyote angempa msichana ambaye hajawahi kunywa Tusker nne kwa saa mbili na kumwambia ni juice? Tungeitwa wauaji.

Na ona vile huu uongo unafanana na ule wa kwanza. Yule jamaa wa bathdei anasema waini tamu si waini ya ukweli. Promota anasema waini tamu si pombe ya ukweli. Mmoja anakuaibisha usinywe, mwingine anakudanganya unywe mpaka uanguke majini. Wote wawili wanadharau ulimi wako na akili yako. Wote wanadhani mtu wa Kitale au Bungoma hawezi kusoma lebo.

Kwa hivyo tusome lebo. Kama una miaka 18 kwenda juu na kweli unapanga kruzi, hivi ndivyo mimi ningechagua leo, na hakuna mtu amenilipa.

Angalia asilimia kabla uangalie rangi ya chupa. Kwa boti, nataka ya chini. Kuna Moscato d'Asti ya Italia ambayo huwa karibu asilimia 5, lakini kuipata huku ni bahati. Nyingi zetu ni zile zimeandikwa "Natural Sweet", kama 4th Street ya Afrika Kusini ambayo kila mtu anaicheka na kila mtu anaijua. Chukua, usione haya, lakini soma namba. Port na ndugu zake waache nyumbani. Asilimia 20 kwa chupa nzima ni kama Tusker saba, na ziwa halina subira na mtu wa Tusker saba.

Beba barafu. Waini tamu ikiwa na joto inakuwa kama sharubati ya kikohozi, na unaishia kuimeza haraka bila kuonja. Ikiwa baridi, ule uchachu wake unatokea na utamu unatulia. Mara nyingi ukisikia mtu akisema tamu inachosha mdomo, aliinywa moto.

Kula, tena kula kabla ya boti. Samaki wa kukaanga wa pale Dunga, na chumvi, ndimu na pilipili, na waini tamu baridi: hapo ndipo utamu unafanya kazi yake. Pilipili inaunguza, utamu unapoza. Dry kali na pilipili zinapigana mdomoni. Kwa hivyo kwa chakula chetu cha Magharibi na pwani ya ziwa, wewe mwenye ulimi wa tamu ndiye umechagua vizuri kuliko mjuaji.

Glasi za kioo zibaki nchi kavu. Chupa moja igawanywe na watu watatu, maji yawe mengi kushinda waini. Na boya livaliwe hata kama linafanya uonekane kama gunia la mahindi la Kitale. Picha mbaya inafutwa.

Kama hujafika 18, hii waini itakungoja, haina haraka. Na mnajua Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri upandishwe mpaka 21, na watu kama mimi, wale mnatufuata mitandaoni, tukatazwe kutangaza pombe. Wenzangu wengi walipiga kelele, ati tunanyimwa kazi. Mimi pia niliumia, hiyo ni doh. Ya 21 nina shaka nayo, juu mtu wa 18 anapiga kura na anaoa. Lakini hiyo ya kutukataza sisi? Nikikumbuka ile blauzi mkononi mwa mzee wa boti, siwezi kuipinga nikiwa na uso mkavu. Kama hatuwezi kusema ukweli wa asilimia 8 kwa sababu ya elfu tano, basi tunyamazishwe.

Nikirudi kwa bathdei nyingine, nitanyoosha mkono kwa ile tamu na sitaurudisha. Nitamimina kidogo, nitaweka barafu, na mtu akicheka nitamuuliza Napoleon alikuwa mshamba wa wapi. Halafu mtu akiniambia ni kama juice, nitamuonyesha namba kwa lebo.

Na wewe dada wa Bungoma, kama unasoma: nilikukosea. Pole sana.